Saa tatu ya nani? Maswali yenu kuhusu mashine inayopokea simu za miadi

Mwezi uliopita niligusia kwamba kliniki, saluni na gereji zimeanza kuweka msaidizi wa sauti, yaani programu inayopokea simu, inayozungumza na mpigaji na kumwandikia siku na saa ya kuja. Barua zimemiminika. Nimechukua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lililomo linanihusu mwenyewe: nilikaa mapokezi ya kliniki ya meno Dar es Salaam kwa miaka tisa, na sasa ni mwaka wa nne kazi yangu ni kufunga mitambo hii.

Dada, habari za kazi. Mimi ni nesi katika kliniki ya meno hapa Tanga. Tuko wanne tu: daktari, mimi, binti wa mapokezi na mama wa usafi. Simu inaita nikiwa nimeshika mpira wa kunyonya mate mdomoni mwa mgonjwa, na binti yuko benki au anajaza fomu za bima. Jioni tunakuta simu kumi na tano hazikupokelewa. Daktari ameonyeshwa mashine inayopokea simu na kuweka miadi yenyewe, ameipenda sana. Mimi roho inasita. Niangalie nini kabla hatujalipa? — Nesi, Tanga

Nesi, simu kumi na tano kwa siku si jambo dogo. Mwenye jino linalouma hapigi mara tatu. Akiwakosa ninyi anapiga kwa jirani, au anarudi kwenye karafuu na maji ya chumvi mpaka shavu livimbe. Kwa hiyo daktari wako ana sababu ya kutafuta njia. Ila kabla hajatoa hela, mwiteni huyo anayeuza mashine akae mbele yenu. Chukua simu yako, piga, useme: "Naomba nije kesho saa tatu." Usiongeze neno. Sikiliza itakachojibu, halafu fungua kalenda yao utazame kilichoandikwa.

Kikiwa 9:00, endeleeni kuzungumza. Kikiwa 15:00, mashine hiyo bado haijafika Tanga.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ndiyo kompyuta inayoiita 7:00. Mitambo mingi ya miadi ilijengwa kwa lugha ambazo saa zake zinaanza usiku wa manane, Kiswahili kikaja kupachikwa baadaye. Inasikia "saa tatu", inachukua tatu, inajiuliza ni tatu ya usiku au ya mchana. Usiku kliniki imefungwa, basi ni ya mchana. Inaandika 15:00, na kwa hesabu zake hakuna ilipokosea.

Nilikaa na karatasi nikahesabu. Kliniki inayofungua saa mbili asubuhi na kufunga jioni, mgonjwa wa mwisho akiingia saa kumi na moja, ina saa kumi ambazo mtu anaweza kuzitaja. Zisogeze zote kwa saa sita. Nane kati ya kumi zinaangukia tena ndani ya muda wa kazi! Saa tatu inageuka saa tisa, saa tisa inageuka saa tatu, saa nne inageuka saa kumi. Ni saa sita na saa saba peke yake ambazo zikigeuzwa zinakuta mlango umefungwa, na hapo mashine inashtuka na kuuliza tena. Hizo nane zilizobaki zinapita kimya kimya. Hakuna taa nyekundu inayowaka.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimamia mtambo wa namna hiyo kwenye kliniki moja. Alipiga mzee wa Mbagala, akaomba saa tatu. Mashine ikamjibu kwa sauti nzuri kabisa: "Sawa, nimekuandikia saa tatu." Siku ilipofika aliingia saa tatu kasorobo, shati limepigwa pasi, kadi ya kliniki ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Orodha ya asubuhi haikuwa na jina lake. Akaambiwa asubiri kidogo. Mimi nilifika saa nane kuangalia mtambo wangu unaendaje, nikamkuta kwenye benchi la ukutani, shavu amelilaza kwenye kiganja. Nikaenda kusikiliza rekodi ya simu yake, nikarudi kukaa naye. "Mwanangu, mimi nilisema saa tatu," akaniambia, "na yeye akasema sawa." Alisema kweli. Maneno ya wote wawili yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa kwenye kalenda, na kalenda yeye haioni.

Tangu siku hiyo sifungi mashine isiyorudia miadi kwa kutaja kipindi cha siku. Si "nimekuandikia saa tatu". Iseme: "Kesho Jumatano, tarehe 14, saa tatu asubuhi. Nimesikia sawasawa?" Isubiri jibu, ndipo iandike. Meseji inayofuata nayo iseme "saa 3:00 asubuhi". Mwulizeni pia muuzaji ni wapi hasa ndani ya programu yake saa za Kiswahili zinageuzwa. Jibu linalotakiwa ni mahali pamoja tu. Nimewahi kukuta mtambo unaogeuza mara mbili, mara ya kwanza wakati wa kusikia na mara ya pili wakati wa kuandika, saa tatu ikazunguka ikarudi palepale ilipokuwa.

Siku nazo zina shimo lake. Jumatatu ni siku ya tatu kwetu, tukianzia Jumamosi. Kwenye programu nyingi siku hiyo ni namba 1, na namba 3 ni Jumatano. Mashine ikisikia "Juma tatu" kwa vipande viwili, inaweza kuokota hiyo tatu na kukupeleka Jumatano. Halafu ongeza laini mbovu. Jumatatu na Jumatano zinatofautiana silabi ya mwisho tu, na silabi ya mwisho ndiyo ya kwanza kumezwa na upepo wa barabarani. Ndiyo maana nasisitiza tarehe itajwe pamoja na jina la siku.

Jambo la tatu, jaribuni swali la kukanusha. Mashine ikiuliza, "Kwa hiyo Alhamisi hutaweza kuja?" na mgonjwa akajibu "Ndiyo", mimi na wewe tunajua amekubali kwamba hataweza. Mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza inasikia kwamba ataweza, inamwandikia Alhamisi. Mwambieni fundi afute maswali yote ya "huta-" na "hu-". Aulize: "Alhamisi utaweza?" Na mtu akijibu "Inshallah" au "Mungu akipenda", hiyo ni ndiyo. Nimesikia mashine ikimuuliza mama mmoja mara nne, yeye anajibu "inshallah, mwanangu", mpaka akakata simu.

La mwisho ndilo zito, na wewe ni nesi, unalijua kuliko mimi. Mtoto wa miaka kumi ameanguka na baiskeli, jino la mbele, la utu uzima, limetoka lote na mzizi wake. Jino hilo likihifadhiwa kwenye maziwa na kurudishwa mahali pake ndani ya nusu saa hadi saa moja, lina nafasi nzuri ya kushika. Mama yake anapiga simu anatetemeka. Mashine inamjibu: "Nafasi iliyo karibu ni Alhamisi, saa nne asubuhi." Nesi, usikubali mashine ya namna hiyo iingie kwenu, hata ikiwa ya bure. Kaeni na daktari mwandike maneno ambayo yakisikika tu simu inaita mfukoni mwa mtu: kuanguka, ajali, jino limetoka, damu haikati, shavu limevimba mpaka jicho, hawezi kumeza, hawezi kupumua vizuri. Yaandikeni kama watu wa Tanga wanavyoyasema, si kama yalivyo kwenye kitabu cha udaktari.

Assalaam alaykum dada. Bibi yangu alipiga simu kliniki moja huku, akasema atakuja mtondo. Mashine ikamuuliza mtoto ana umri gani. Na Ramadhani kliniki zinafungua baada ya tarawehe, mtu akisema "usiku wa Ijumaa" mashine inamwandikia siku siyo. Tufanyeje? — Msomaji, Unguja

Waalaykumu ssalaam. Bibi hana kosa, anasema Kiswahili kilichokamilika. Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo: siku nne mbele, kila moja na jina lake, na lugha nyingi hazina utajiri huo. Fundi aongeze maneno hayo kwenye orodha ya mashine, na kila likisikika ligeuzwe tarehe hapohapo na kurudiwa kwa sauti.

Usiku wa Ijumaa ni mgumu zaidi kwa sababu watu wenyewe tumegawanyika. Wanaohesabu siku kuanzia magharibi wanakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya kompyuta inauita Alhamisi. Vijana wengi wanakusudia Ijumaa jioni yake. Hapa mashine isikisie kabisa. Iulize: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe jua likishazama?" Mtu anajibu mara moja, hakasiriki. Nimeijaribu.

Dada, baba yangu ana miaka 71. Alipiga hospitali kuomba siku ya kuonwa macho, akapokelewa na sauti ya binti. Akamsalimia, wakaelewana, akapewa siku. Mwishoni baba akamwambia, "Mungu akubariki mwanangu, akupe mume mwema." Nilipomweleza kwamba ile ni mashine alinyamaza, jioni yote hakuzungumza. Nimekosea kumwambia? — Mtoto wake, Dodoma

Pole sana, na umpe pole mzee. Hukukosea. Aliyetakiwa kumwambia ni aliyefunga mashine, tena kwenye sentensi ya kwanza.

Tarehe 8 Mei 2018, huko California, mkuu wa Google, Sundar Pichai, alipanda jukwaani akawasikilizisha watu rekodi ya programu yao iitwayo Duplex ikipiga simu saluni. Hapo mashine ndiyo iliyokuwa mteja. Iliomba nafasi ya kukata nywele saa sita mchana, mwanamke wa saluni akasema saa hiyo hana, mashine ikauliza kama kuna kitu kati ya saa nne na saa sita, wakakubaliana saa nne asubuhi. Katikati ya maongezi mashine iliitikia "mm-hmm" kama mtu anayefikiri. Ukumbi ulishangilia. Lakini baada ya siku chache wengi walikuwa wanauliza swali lako hilihili: yule mwanamke wa saluni aliambiwa anaongea na nani? Google ikabidi itangaze kwamba programu hiyo itajitambulisha. Umoja wa Ulaya nao ulipopitisha sheria yake ya akili bandia mwaka 2024 uliweka kifungu kwamba mtu aelezwe anapozungumza na mashine.

Sihitaji sheria ya Ulaya kujua kwamba mzee wako alinyimwa haki yake. Salamu kwetu ni ya mtu kwa mtu. Mitambo ninayofunga inaanza hivi: "Karibu. Mimi ni mashine ya kupokea miadi. Ukitaka kuongea na mtu, sema 'mtu' wakati wowote." Wapo waliokataa, wakaniambia wateja watakata simu. Wengine kweli hukata. Mimi sifungi bila sentensi hiyo.

Na mashine yangu haimwamkii mtu shikamoo, wala haiitikii marahaba. Nimebishana na mafundi wenzangu kuhusu hili, wanasema ni adabu. Naona si adabu. Shikamoo inaamuliwa na umri na heshima iliyopo kati ya wawili, na mashine haina umri. Mpigaji akisalimia, iseme "Ahsante, karibu", imwache amalize. Imwache kweli! Mtu mzima wa kwetu anahitaji nusu dakika ya habari za hapo, habari za kazi, hamjambo wote, ndipo afike kwenye jicho lake. Mashine inayomkatiza kwa "Tafadhali taja huduma unayohitaji" imemfukuza.

Dua ya mzee mwambie haikwenda bure. Katika hospitali ile yupo mtu anayefungua orodha kila asubuhi na kuandaa faili la baba kabla hajafika. Imfikie huyo.

Habari dada. Mimi ni msusi, nina viti viwili. Wateja wananipigia nikiwa nasuka, mikono ina mafuta. Je, mashine hii inanifaa? — Msusi, Mwanza

Bado, mdogo wangu. Shida yako kubwa si kupokea simu, ni urefu wa kazi. Mashine ikiachwa yenyewe inampa kila mteja saa moja. Yeboyebo ya mtoto wa shule na rasta ndogondogo za mpaka kiunoni zote zinakuwa saa moja, na kufikia mchana una watu watano kwenye viti viwili, mmoja ana hasira na mmoja ana mtoto analia.

Nunua daftari. Kwa mwezi mzima andika kila kichwa: mtindo gani, ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, ulisuka peke yako au na msaidizi, mteja alikuja amefumua au ulimfumua wewe. Hilo la kufumua linakula muda kuliko wanavyodhani. Mwisho wa mwezi utakuwa na kitu ambacho hakuna muuzaji wa mashine anaweza kukuuzia. Kwa sasa wateja wakutumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, uwajibu ukinawa mikono. Mwakani ukiongeza viti, niandikie, daftari hilo ndilo tutakaloanza nalo.

Nina duka la miwani na chumba cha kupima macho. Mashine inarekodi sauti za wateja. Kisheria nimekaa vizuri? — Arusha

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwao, na taarifa za afya zimewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti. Mtu akisema kwenye simu kwamba jicho la kushoto halioni vizuri tangu apate kisukari, umeshakusanya taarifa nyeti.

Mwambie mpigaji mwanzoni kwamba simu inarekodiwa na kwa nini. Muulize muuzaji rekodi zinakaa kwenye seva ya nchi gani, maana kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Mimi nafuta sauti baada ya siku 30, inabaki miadi peke yake. Na kama muuzaji hawezi kukujibu zinakaa wapi, tafuta mwingine.

Dada shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nataka kutengeneza msaidizi wa sauti wa Kiswahili wa kuweka miadi kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Nianze na teknolojia gani? — Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Anza na karatasi.

Mwaka 1977 watafiti wa Xerox huko Palo Alto, California, walieleza programu waliyoiita GUS. Kazi yake ilikuwa kumpangia mtu safari ya ndege ya kwenda na kurudi. Ilikuwa na fomu yenye nafasi wazi: unakwenda wapi, siku gani, saa ngapi. Kila mara mtu akisema kitu, ilijaza nafasi inayohusika, kisha ikauliza iliyobaki wazi. Miaka imepita mingi na bado msingi ni huo. Chora nafasi zako: jina, huduma, siku, saa. Namba ya simu usiiulize, laini imeshakuonyesha. Ulizia tu kama ndiyo atakayotumiwa meseji, kwa sababu wengi hupiga kwa simu ya jirani.

Nafasi ya jina itakusumbua kuliko ya saa. Utauliza "Jina lako nani?" na utajibiwa "Mama Asha". Ndilo jina lake kweli, mtaa mzima unamwita hivyo, lakini kwenye faili ameandikwa jina alilobatizwa au alilopewa na baba yake. Usimkatalie. Pokea Mama Asha, halafu uliza jina lililo kwenye kadi.

Pili, fanya majaribio kwa simu ya kawaida, si kwa maikrofoni ya kompyuta. Laini ya simu ya kawaida husafirisha sauti kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, na mitambo mingi ya kutambua usemi imefunzwa kwa sauti za sampuli 16,000. Kinachosikika safi kwenye maabara yenu kitakuwa na ukungu kikipitia laini. Nenda stendi ya Msamvu, piga ukiwa katikati ya wapiga debe, uone kinachobaki.

Tatu, pima ukimya. Watafiti waliopima maongezi katika lugha kumi za dunia waliona kwamba kwa wastani mtu humjibu mwenzake ndani ya sehemu ya tano ya sekunde. Mashine yako itachukua sekunde nzima au zaidi, na Mtanzania akisikia kimya kwenye simu anasema "Haloo? Haloo?" Mashine inadhani maongezi yameanza upya, inamkaribisha tena. Nimeona watu wakizungushwa hivyo mpaka salio likaisha. Ifundishe kusema "Sawa, naangalia nafasi" mara tu mtu anapomaliza, na "haloo" ya katikati iipuuze. Na wakati inasoma miadi kwa mpigaji, iwe imeishika nafasi hiyo kwenye kalenda. La sivyo simu mbili zinazoingia kwa pamoja zitapewa saa ileile.

Kuhusu sauti za kufunzia, upo mradi wa Mozilla uitwao Common Voice, ulioanza mwaka 2017, ambapo watu hujitolea kusoma sentensi na wengine kuzikagua, na Kiswahili kimo. Tumia, na uchangie sauti yako. Halafu mpe bibi yako na shangazi zako wachangie pia, maana mashine hizi zinawasikia vijana wa mjini vizuri kuliko zinavyowasikia wazee.

Dada, mimi ni binti wa mapokezi Temeke. Bosi analeta mashine mwezi ujao. Niambie ukweli, nitaachishwa kazi? — Naomba jina lisitajwe

Mdogo wangu, kiti chako nilikikalia miaka tisa, na siwezi kukuficha. Kuna mwajiri mmoja niliyemfungia mashine akamwondoa binti wake wiki ileile. Sikulala vizuri. Siku hizi kwenye makubaliano yangu naandika kwamba lazima awepo mtu mmoja, kwa jina, anayepokea simu zinazohamishwa na mashine na anayekagua orodha yake kila siku. Asiyetaka mtu huyo simfungii.

Mtu huyo uwe wewe, na usisubiri kuteuliwa. Unajua vitu ambavyo mashine haitavijua: kwamba mama fulani akisema atakuja saa nne huja saa sita kwa sababu ya daladala za Mbande, kwamba mzee fulani asipokumbushwa na mtu anayemjua haji, kwamba daktari siku za Ijumaa hapangiwi kazi ndefu kabla ya swala. Viandike vyote kwenye kurasa mbili. Mpelekee bosi kabla mashine haijafika, umwambie: hivi ndivyo mashine inavyotakiwa kuvifahamu, na mimi ndiye nitakayeisimamia. Omba ufunguo wa kalenda uwe kwako, na uoneshwe jinsi ya kusikiliza rekodi. Kila asubuhi sikiliza simu za jana, linganisha na kilichoandikwa, sahihisha, uwapigie waliokosewa kabla hawajatoka nyumbani.

Ukishaongea naye niandikie tena. Temeke si mbali na kwangu. Nitakuja siku ya kufunga, saa moja asubuhi, tukae wote watatu tusikilize kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.